Daftari la Kifusi

Tangu Januari mimi ndiye ninayeshika daftari la mchango wa barabara yetu hapa Goba, Dar es Salaam. Sikuomba. Kwenye kikao mtu alisema, "Apewe Mwalimu, ana mwandiko mzuri," wakapiga makofi, basi.

Hesabu yenyewe nyepesi. Kutoka kwenye lami hadi kwetu bondeni ni nyumba 34, kila nyumba Sh50,000, jumla Sh1,700,000. Tripu kumi za kifusi kwa Sh120,000 kila moja, laki tano inayobaki tukodi greda nusu siku. Kwa sasa bajaji zinatushusha kwenye mwembe, mtu anamalizia kwa miguu na mtungi wa gesi begani.

Wa kwanza kulipa alikuwa mama anayeuza vitumbua pale kona. Hana gari, hana hata baiskeli. Alileta elfu kumi kumi kwa siku tano, noti zinanukia iliki. Mmoja wa ambao hawajalipa mpaka leo ni mzee mstaafu mwenye Prado, na hoja yake siwezi kuipuuza: "Mwalimu, mimi barabara nailipia kila nikijaza mafuta." Kweli. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile rodi laiseni tuliyokuwa tukibandika kwenye kioo, ikaongeza shilingi 40 kwa lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 nyingine kwenye petroli na dizeli, ikasemwa wazi kuwa ni ya barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikampigia hesabu: akijaza lita 200 kwa mwezi, hiyo mia pekee ni Sh240,000 kwa mwaka.

Ila fedha hiyo inagawanywa nchi nzima. Na haitoki kwa wenye magari peke yao. Mama wa vitumbua anailipa ndani ya nauli ya boda na bei ya unga. Yeye kalipa huko, kalipa na huku.

Wapangaji nao wana lao. "Barabara ikitengenezwa kodi inapanda, halafu nichange mimi?" Hapo sikuwa na jibu. Niliwaandikia wenye nyumba wao, wakajibu wawili.

Lakini kilichokuwa kikinikera hasa ni malori ya mchanga. Wahandisi wana kanuni ya tangu zamani: mzigo wa ekseli, yaani unaobebwa na mhimili mmoja wa magurudumu, ukiwa mara mbili, uharibifu wa barabara unakaribia mara 16. Tipa moja baada ya mvua, kazi yetu yote inageuka matuta. Nikamsimamisha dereva mmoja. "Shikamoo mama. Mimi nimetumwa tu, mzigo ni wa mwenye saiti."

Nikaenda saiti. Kijana ndiyo kwanza anajenga msingi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu zake zote: "Na wewe Mwalimu ulipojenga, mchanga ulikuja na nini?"

Usiku nikafungua faili la risiti zangu za ujenzi. Mawe, mchanga, kokoto, tofali: tripu 41, hapo sijagusa zile zisizokuwa na risiti. Hakuna jirani aliyenidai hata koleo moja la kifusi.

Nyumba 23 zimelipa, Sh1,150,000. Tumenunua tripu tisa, greda tumeisahau, vijana wamesambaza kwa mabeleshi Jumamosi, chenji ikaishia kwenye soda na chapati zao. Korongo la pale kwenye mwembe halijafikiwa. Kikao kijacho napeleka hoja kwamba anayejenga alete tripu moja ya kifusi kwa kila kumi anazoshusha. Kwa kipimo hicho mimi nadaiwa nne. Nimeagiza mbili.

Kijana wa saiti kaniambia ataleta yake ya kwanza akishaona yangu ya nne.