Jinsi nilivyoiweka sawa lupu ya jedwali la michango ya SACCOS

Nilikabidhiwa mfumo wa wavuti wa SACCOS moja ukiwa tayari umetumika kwa miaka kadhaa, umeandikwa kwa PHP (lugha inayofanya kazi kwenye seva) na JavaScript ya kawaida (inayofanya kazi kwenye kivinjari). Malalamiko yalikuwa mawili. Kila mwisho wa mwezi walikuwepo wanachama waliolipa lakini michango yao haionekani. Tena tiki ya "stakabadhi imetolewa" ilikuwa inawaangukia watu ambao hawajachukua stakabadhi yoyote. Mhazini, mama mtu mzima aliyeishika kazi hiyo kwa muda mrefu, aliniambia: "Mwanangu, hizo hela nimezipokea kwa mikono yangu, nikaziandika, nikabonyeza Hifadhi. Zinakwenda wapi?" Watu walishaanza kumnong'ona. Niliona hilo ndilo la kuanza nalo, mengine yote yasubiri.

Ukurasa wenyewe ni jedwali moja refu lenye wanachama zaidi ya 260, wamepangwa kwa alfabeti. Kila mstari una namba ya mwanachama iliyofichwa, kisha hisa, akiba, rejesho la mkopo, na kisanduku cha tiki. Mhazini anajaza wote, anabonyeza mara moja. Upande wa seva lupu, yaani msimbo unaorudia hatua zilezile kwa kila mstari, ilikuwa hivi:

```
for ($i = 0; $i < count($_POST['mwanachama']); $i++) {
    $id    = $_POST['mwanachama'][$i];
    $akiba = $_POST['akiba'][$i];
    $tiki  = isset($_POST['tiki'][$i]);
    // hifadhi...
}
```

Ukiisoma haraka huoni tatizo. Tatizo liko kwenye tabia ya kivinjari: kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi kabisa. Hakitumwi kama sifuri wala kama tupu, hakipo. Kwa hiyo orodha ya akiba inafika na watu wote, ilhali orodha ya tiki inafika na waliotiwa tiki peke yao, wakiwa wamesogezwa juu. Mhazini akimtia tiki mwanachama wa tatu na wa saba, seva inapokea tiki mbili, ya nafasi 0 na ya nafasi 1, nayo inawapa mwanachama wa kwanza na wa pili. Nililijaribu kwenye kompyuta yangu kwa jedwali la watu kumi na likatokea vilevile.

La michango kupotea lilinichosha zaidi, maana lilikuwa linahama. Mwezi mmoja waliokosekana ni wale wa herufi Z tu, mwezi mwingine linaanzia juu kidogo, kwenye Y au hata W. Lakini daima ni wa mwisho wa jedwali, na hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye faili la kumbukumbu za makosa la seva. Onyo lilikuwepo, limejirudia mwezi baada ya mwezi bila mtu kulisoma: vigeu (thamani moja moja zinazotumwa na fomu) vilivyopokelewa vimezidi 1000.

PHP ina mpaka unaoitwa `max_input_vars`, na kiwango chake cha kawaida ni 1000. Uliingizwa na toleo la 5.3.9, Januari 2012, kuzuia shambulio la kuielemea seva kwa fomu yenye maelfu ya vigeu ambavyo majina yake yamechaguliwa makusudi yagongane. Ni kinga nzuri na sikutaka kuibeza. Ila kinachozidi mpaka kinatupwa, na programu inaendelea kama kawaida. Mtumiaji anaona "Imehifadhiwa".

Sasa piga hesabu. Kila mstari unatuma vigeu vinne, na cha tano kama una tiki. Mwezi usio na tiki hata moja, 1000 inaishia kwa mwanachama wa 250. Mwezi ambao kila mtu ametiwa tiki, inaishia kwa wa 200. Ndiyo maana mpaka ulikuwa unapanda na kushuka: kadiri mhazini alivyotoa stakabadhi nyingi, ndivyo watu wengi zaidi walivyopotea mkiani. Yaani mama wa watu alivyozidi kuwa makini, ndivyo alivyozidi kuonekana mwizi. Hilo liliniuma.

Kuongeza mpaka kwenye `php.ini`, faili la mipangilio ya PHP, kungezima moto, na nilifanya hivyo siku hiyohiyo ili kazi isisimame. (Usijaribu kwa `ini_set` ndani ya msimbo, haifanyi kazi kwa mpangilio huu, data imeshakatwa kabla mstari wako wa kwanza haujaanza.) Lakini SACCOS inakua, na lupu inayotegemea nafasi ingebaki palepale. Nilichotaka ni kila mstari ubebe utambulisho wake mwenyewe. Nikaweka namba ya mwanachama kwenye `data-id` ya `tr` (mstari wa jedwali), na kwenye `tbody` (kiwiliwili cha jedwali) nikaweka kisikilizi kimoja cha tukio la `input`, yaani msimbo unaosubiri mtu abadilishe kitu, kinachoutia alama mstari ulioguswa. Mhazini akibonyeza Hifadhi:

```
const mistari = [];
for (const tr of jedwali.tBodies[0].rows) {
  if (!tr.dataset.imeguswa) continue;
  mistari.push({
    id: tr.dataset.id,
    akiba: tr.querySelector('.akiba').value.replaceAll(',', ''),
    tiki: tr.querySelector('.tiki').checked
  });
}
```

Hisa na rejesho zinafuata mtindo huohuo. Orodha inakwenda kama JSON, yaani maandishi mamoja yenye mpangilio, seva inaisoma kupitia `php://input`, na ule mpaka wa 1000 hauigusi. Tiki inafika ikiwa ndiyo au hapana, ndani ya mstari wa mwenyewe.

Angalia `tBodies[0].rows`, inayochukua mistari ya wanachama tu. Lupu ya zamani ya kujumlisha ilitumia `jedwali.rows`, ambayo inachukua hadi mstari wa jumla ulioko chini, hivyo kila hesabu mpya ilijumlisha na jumla ya zamani. Na ule mkato: `parseFloat("12,500")` inakupa 12. Ondoa mkato kwanza.

Upande wa seva nilitayarisha kauli ya SQL (amri ya hifadhidata) mara moja nje ya lupu, nikaitekeleza kwa kila mstari ndani ya muamala mmoja, ili ukikwama mmoja wote warudi nyuma. Kabla ya kuhifadhi, seva inahakikisha namba ile kweli ni ya mwanachama, kwa sababu chochote kinachotoka kwenye kivinjari mtu anaweza kukibadilisha. Mwisho inajibu idadi ya mistari iliyohifadhi, na JavaScript inailinganisha na iliyotuma. Zikipishana, mhazini anaona maandishi mekundu, haoni "Imehifadhiwa".

Ilibaki miezi ya nyuma. Hiyo hakuna lupu ya kuirekebisha, kwani data haikuwahi kufika kwenye hifadhidata. Tulikaa na mhazini na vitabu vyake vya stakabadhi, yeye anasoma vishina, mimi naingiza. Wengi wa mkiani tuliwapata. Wale ambao kishina hakikuonekana tuliwaandika kwenye orodha tofauti, pamoja na nakala ya yale maonyo ya seva yenye tarehe zake, ikapelekwa kwenye bodi.