Nilivyoanza kuchomelea nikiwafuata wateja kwa mtaji mdogo

Fundi anayemfuata mteja hachagui umeme atakaoukuta. Ndiyo maana, baada ya kununua mashine, pesa iliyobaki niliipeleka kwenye waya wa kuvuta umeme kutoka soketi hadi kwenye mashine, kabla ya kitu kingine chochote.

Mashine yenyewe ni inveta, mashine nyepesi ya kuchomelea kwa elektrodi (vijiti vya kuchomelea), ya ampea 160. Ina kilo chache tu, naibeba begani. Mageti, grili na fremu za meza hufanywa kwa elektrodi ya mm 2.5, na hiyo inataka ampea 60 hadi 90 tu. Soma kibandiko: kikisema 160 A kwa 40%, maana yake kwa ampea hizo unachoma dakika 4 katika kila 10, zilizobaki mashine inapoa. Ukiwa kwenye ampea 80 huufikii mpaka huo kwa urahisi, kwa hiyo sikuona sababu ya kulipia mashine kubwa zaidi.

Sasa waya. Waya wa shaba wa unene wa 1.5 (milimita za mraba) wenye urefu wa mita 50, mashine ikivuta ampea 15, unapoteza volti kama 18 njiani. Wa 2.5 unapoteza 11 hivi. Mahali ambapo umeme tayari uko chini, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafanya kazi au hutafanya. Dalili zake nazijua kwa sikio: badala ya mlio mkavu unaoendelea, moto unakatikakatika, elektrodi inanata, na hata ukizungusha kitufe cha ampea hakuna kinachobadilika. Wengi huilaumu mashine na kuipeleka kutengenezwa. Pima kwanza volti kwenye soketi, kisha upime tena mwenzako akiwa anachoma. Mimi natumia waya wa 2.5 wa mita 30, wenye nyaya tatu ndani, na naukunjua wote hata kama kazi iko karibu, kwa sababu ukibaki umeviringwa hupata joto hadi ganda linayeyuka. Pasipo umeme, jenereta ya kVA 5 inatosha kwa elektrodi ya mm 2.5.

Klampu ya arthi, ile inayobanwa kwenye chuma ili umeme urudi kwenye mashine, iliyokuja na mashine ilikuwa ya bati jepesi, nikaibadilisha mapema. Mahali pa kuibana nasugua kwa grainda hadi chuma king'ae, karibu na kiungo. Klampu ikipata moto kuliko kawaida, haijashika vizuri.

Elektrodi nilianza na aina ya E6013 peke yake: inawaka kirahisi na inakubali chuma chembamba. Aina ya E7018 ni imara, ila inataka kukaa kavu kabisa, na bila tanuri la kuikaushia ni hasara. Hata hizo 6013 nazibeba ndani ya kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 40, kimefungwa ncha zote mbili. Zikila unyevu, mshono unatoka na vitundu.

Bomba la mraba la mm 1.2 ndilo linalotoboka mikononi mwa wanaoanza. Naweka elektrodi ya mm 2.0, ampea 40 hadi 55, nikiiunganisha upande wa hasi (−) wa mashine. Napiga nukta za kushikiza kwenye kona zote nne, napima kona kwa kona, na urefu ukitofautiana zaidi ya mm 2 nagonga kabla ya kuendelea. Kisha nachoma vipande vifupi nikibadilisha pande. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, fremu inapinda.

Barakoa ina kioo cheusi namba 10, yaani kiwango cha giza lake. Grainda haitolewi kinga yake. Chuma chenye zinki nakisugua kwanza na kuchoma nikiwa upande upepo unakotoka, maana moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Tangi lililowahi kubeba petroli silichomelei, hata likiwa limekauka: mvuke hubaki kwenye mikunjo.

Ndoo ya maji hukaa karibu tangu cheche ya kwanza. Nikishazima mashine nakunja waya polepole, na kwa nusu saa nakagua chini ya mbao, nyuma ya mapazia na kwenye nyufa za sakafu kabla ya kuondoka.