Siku nilidhani mazutu (dizeli) imeganda

Watu wa mbali wakisikia Congo wanawaza joto tu. Njoo Lubumbashi mwezi wa saba, saa kumi na moja ya asubuhi, halafu tuongee. Tuko juu huku, karibu metre 1,200, na kiangazi ikikolea mawingu hakuna, usiku joto yote inapanda mbinguni, asubuhi unakuta digrii 6 ao 7, mama wa mikate amejifunga bitenge mbili juu ya koti, halafu saa nane ya mchana imefika 26 na ile koti unaibeba mkononi kama mjinga.

Basi ilikuwa asubuhi ya namna hiyo. Shamba yetu iko upande wa Kipushi, mahindi tulikuwa tumevuna na kukausha, siku ile njo tulipanga kupukucha. Mashini ya kupukucha inazungushwa na trakteri, bila trakteri ni chuma tu imekaa pale. Mama kumi na mbili walikuwa wamefika na mifuko yao, wamewasha mbabula, lile jiko ya makala (makaa), wanapasha mikono, wananitazama mimi.

Trakteri ikawaka! Mara ya kwanza kabisa, nikajisifu. Ikanguruma dakika tatu hivi, halafu ikaanza kukohoa, moshi mweupe, ikapunguka, ikazima. Nikapiga demareri tena, ikashika kidogo ikafa. Tena. Tena. Sijui kwa nini mtu anafikiri mara ya nane itakuwa tofauti na mara ya saba, lakini niliendelea mpaka batri ikaanza kuimba ile wimbo yake ya kuchoka, uuu… uuu… tk.

Nikamupigia yaya, ni kusema ndugu yangu mkubwa. Yaya yangu iko Canada, anafanya kazi mu shamba moja kubwa karibu na Winnipeg, na ile saa kwake ilikuwa inakaribia usiku wa manane lakini akashika. Nikamuelezea: inawaka, inatembea dakika kidogo, inazima, na huku baridi ni kali. Hata sijamaliza akasema, mudogo, hiyo ni mazutu imeganda, hiyo njo ugonjwa yetu ya kila mwaka huku.

Akanifundisha pale pale. Mazutu ndani yake iko na parafini, ni nta, ndugu ya ile ya mishumaa. Joto ikiwepo nta imeyeyuka huwezi kuiona. Baridi ikishuka inaanza kujitenga, mazutu inakuwa na ukungu kama maji ya mchele, na kabla hata haijawa mgando vile bitu bidogo bya nta binajaza filtri, maana tundu za filtri ni ndogo kuliko unywele mara nyingi sana. Kwa hiyo mashini ya trakteri inawaka vizuri na ile mazutu iliyokuwa imeshapita filtri, inaimaliza, inatafuta ingine, inakosa, inazima. Dakika tatu, nne. Nikasema Mungu wangu, ni yetu kabisa!

Nikapiga kelele, "Papa fundi, mazutu imeganda!" Na papa fundi, mtu wa vitendo, hakuuliza swali. Akaenda akachukua mbabula ya wale mama, makala imeiva nyekundu, akaja nayo mbio anataka kuisukuma chini ya tangi. Simu ilikuwa kwa opalere (spika), yaya akasikia mama wanalalamika wanarudishiwa moto yao lini, akauliza moto gani. Nikamwambia.

"Mudogo! Toa ile moto! Toa sasa hivi!"

Sijawahi kumusikia vile tangu tuko watoto. Papa fundi mwenyewe aliruka. Tangi ya mazutu yenye kuvuja kidogo, majani makavu ya mwezi wa saba chini, na makala. Hata huko kwao wenye minus 30 hawafanyi hivyo, wanaingiza trakteri ndani ya hanga yenye joto ama wanapuliza hewa ya moto kutoka mbali, wanabadilisha filtri, wanangoja. Kazi ya uvumilivu.

Kisha akanyamaza, akauliza, "Ngoja kwanza, huko kwenu iko digrii ngapi?" Nikasema sita. Akacheka mpaka nikasikia shemeji anamuuliza kuna nini.

Lakini hakukataa moja kwa moja, na hapo njo nilimuheshimu. Akasema mazutu si moja dunia nzima, inatengenezwa kufuata mahali na msimu. Kanuni za Ulaya ziko na madaraja: Ufaransa wakati wa baridi mazutu ya kawaida lazima ipite kwenye filtri mpaka minus 15, wakati wa joto wanaomba 0 tu, na daraja ya chini kabisa inaruhusiwa kuziba hata kwa plus 5. Plus! Kwa hiyo mazutu ya nchi ya joto yenye nta nyingi, asubuhi ya digrii 6, hapana kuapa. Usibishane, akasema, tia ndani ya chupa.

Ile test ni rahisi mpaka nikaona haya. Chupa mbili za kioo, safi na kavu. Moja nikajaza kutoka tangi, ingine kutoka kile kikombe chini ya filtri. Kama ni nta, chupa nzima inakuwa na ukungu, na ukiiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto (maji imetoka jikoni tayari, hakuna moto karibu) inasafika inakuwa kama chai ya rangi. Kama ni maji, inashuka chini inakaa peke yake, na hata upashe mpaka jioni haiondoki.

Chupa ya tangi: safi, ya manjano. Chupa ya filtri: vidole viwili vya maji chini, na kati ya maji na mazutu kitambaa fulani ya kahawia yenye kuteleza, kama makamasi, samahani kwa wenye wanakula. Yaya akasema ile ni vijidudu, viko vinaishi pale pale mpakani, maji chini na chakula juu. Tukaweka chupa ndani ya sufuria nusu saa. Maji ikabaki maji, makamasi ikabaki makamasi.

Papa fundi akatazama ile chupa akasema neno moja tu: "Kadhafi."

Kwa wenye hawajui, kadhafi huku ni wale watu wa kuuza mafuta kandokando ya barabara ndani ya bido (madumu). Na mimi njo nilinunua kwa mmoja wao siku ya alhamisi, bido mbili, kwa sababu sikutaka kupanga foleni, kwa hiyo nilikuwa tayari kumupa kosa yote yule kijana. Lakini yaya akaniuliza tangi mnaiachaga aje usiku. Nikasema robo, nusu, inategemea. Akasema basi usimuonee mtu. Tangi nusu tupu inapumua. Mchana mazutu ikitumika hewa ya joto inaingia na unyevu wake, usiku chuma inakuwa baridi, ule unyevu unashika ukuta wa tangi unatiririka chini, kidogo kidogo, kama vioo vya dirisha asubuhi. Na kwa sababu maji ni nzito kuliko mazutu haitokagi tena, inangoja. Tofauti ya karibu digrii 20 kati ya mchana na usiku, kila siku, tangu mwezi wa tano. Yani baridi ya Lubumbashi ilikuwa na makosa kweli, lakini si kwa njia niliyofikiri, haikugandisha mazutu, ilitengeneza maji.

Kutengeneza yenyewe haikuwa kitu. Tukamwaga kikombe, tukafungua kizibo ya chini ya tangi mpaka ikatoka mazutu safi, filtri mbili mpya. Kilichotumaliza ni kutoa hewa, maana ukifungua mfumo ya mazutu hewa inaingia na mashini ya mazutu na hewa havipatani. Unalegeza skuru juu ya filtri, mwenzako anapiga kile kimkono cha pompi, inatoka povu, povu, povu, mpaka inatoka mazutu bila povu, unakaza. Kisha ku pompi kubwa, vile vile. Kisha ku enjekteri. Papa fundi alikuwa anasema "bado" kama mara mia. Batri tukaazima ku gari ya jirani. Saa tano kasoro ikawaka, mama wawili walikuwa wamesharudi nyumbani na wana haki.

Sasa hivi tangi naijaza jioni, si asubuhi, ndiyo gharama inauma lakini hewa haina nafasi. Bido nikinunua naiacha imesimama usiku mzima na sinyonyi mpaka chini, ile vidole vitatu vya mwisho inabaki. Na ile desturi yetu ya kuchuja na kitambaa, tuiendeleze kwa ajili ya mchanga, lakini maji inapita pale kama hakuna kitu.

Yaya aliniambia pia kwao wakiona baridi inakuja wanachanganya petroli kidogo. Hapa wasomaji wa Tanzania na Kenya tafadhali msije mkalipua trakteri: petroli ya sisi Wacongo ni mafuta ya taa, ile ya gari nyie mnaita petroli sisi tunaita esanse. Esanse haiingii ndani ya mazutu, hata kijiko, mvuke yake inawaka hata wakati wa barafu. Na dawa za kuzuia kuganda wanazitia kabla, nta ikishajitenga ile ya kawaida haiiyeyushi tena.

Usiku akanitumia picha ya mwezi wa kwanza, trakteri kubwa ya kule, matairi yamezama ndani ya theluji, na mtu amefungwa mpaka macho tu. Nikamuonyesha papa fundi kesho yake. Akaishika simu karibu, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Na mahindi sasa, wanapanda wapi hapa?"