Tangi la Maji, Ruta na Mtandao wa Kizazi cha Tano

Mwaka jana nilifunga kihisi kwenye tangi letu la maji hapa Dar es Salaam, kipime kina na kuwasha au kuzima pampu kupitia intaneti ya nyumbani. Usiku mmoja umeme ulikatika pampu ikiwa inavuta. Uliporudi alfajiri, pampu iliendelea pale ilipoachia, lakini ruta haikushika mtandao, hivyo amri ya kuizima haikufika. Mama aliamka akakuta uani pamekuwa dimbwi na mche wake wa mpapai umelala ubavu, ilhali mimi, niliyekuwa Dodoma, nilikuwa natazama simu inayoonyesha kipimo cha jana.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kwa makini habari za 5G, yaani mtandao wa simu wa kizazi cha tano, iliyoanza kuwashwa nchini mwaka 2022, na ninaamini tunaisifia jambo lisilo kubwa kwa nyumba zetu. Matangazo yote ni ya kasi, lakini tangi halihitaji kasi, linahitaji kusikika. Kilicho muhimu zaidi ni NB-IoT, kiwango cha kuunganisha vifaa vidogo kama vihisi na mtandao wa simu, kilichokamilishwa na 3GPP, muungano unaoandaa viwango vya mitandao ya simu, mwaka 2016 na ambacho sasa kimo ndani ya familia ya 5G. Hutumia mkanda mwembamba wa masafa ya redio, wa kilohezi 180 tu, ishara zake hupenya kuta nene, na kifaa hulala muda mwingi, kikaamka kutuma tarakimu chache kisha kikalala tena, kiasi kwamba lengo la wabunifu wake lilikuwa betri moja idumu takriban miaka 10. Kihisi cha namna hiyo huzungumza na mnara wa simu moja kwa moja, na kwa kuwa minara mingi ina betri au jenereta ya akiba, umeme wa nyumbani ukikatika taarifa huendelea kufika. Kamera za getini, zenye mahitaji makubwa kidogo, zilitengewa RedCap, toleo jepesi la 5G, mwaka 2022.

Ninachoziomba kampuni za simu ni laini ya vifaa inayolipiwa kidogo kwa mwaka mzima, kwa sababu kifurushi cha mwezi kinachoisha kimyakimya humwacha kihisi bubu kama ruta iliyozimika.

Kwa sasa nimeongeza boya ndani ya tangi, linalokata umeme wa pampu lenyewe maji yakifika juu, na mtandao nimeuachia kazi ya kunipa habari.