Kofia ya Joe

Mwaka 2004 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, nasoma fasihi. Muhula ule tulipangiwa Great Expectations ya Charles Dickens, riwaya iliyotoka kwanza vipande vipande katika jarida la kila wiki, 1860 hadi 1861. Tulipoimaliza, mwalimu akatuonyesha filamu ya David Lean ya mwaka 1946, ile isiyo na rangi. Darasa zima liliruka pale mfungwa Magwitch anapomdaka Pip, mtoto ambaye ndiye mhusika mkuu, makaburini.

Mimi kilichonikaa ni Joe, mhunzi aliyemlea Pip. Anamfuata London, anamkuta keshakuwa muungwana, basi anaanza kumwita "sir". Kitabuni hata kofia yake haina pa kukaa: kila akiitua juu ya meko, inaanguka. Pip anamwonea haya. Nilimchukia Pip kwa moyo wote.

Wiki haikuisha, mjomba akaja kutoka Pangani.

Alikuwa mvuvi. Ada yangu yote ilitoka baharini, na kiganja chake cha kulia kilikuwa na kovu refu la mshipi. Alivua kandambili mlangoni, ingawa sakafu yetu ilikuwa chafu kuliko hizo kandambili, akaingia na kapu la ng'onda, samaki wa kukausha. Harufu ikajaa chumba. Mwenzangu mmoja akaniuliza pembeni, nani huyu?

"Mtu wa nyumbani," nikasema.

Alisikia. Akainama akaanza kulifungua kapu, taratibu, fundo moja moja. "Ng'onda hawa wanataka jua, mjomba. Msiwafunike." Kisha akaaga, akaenda kulala kwa jamaa Buguruni.

Siku chache baadaye wenzangu wakaleta diski ya Great Expectations nyingine, ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 1998. Hadithi imehamishiwa Florida na New York, Pip anaitwa Finn na ni mchoraji. Wapo wanaoibeza, na kweli ile ya Lean inaizidi mbali kwa picha zake za kinamasi na ukungu. Lakini humu Joe si mhunzi tena. Ni mvuvi. Anatokea kwenye maonyesho ya michoro ya Finn, mbele ya matajiri, kavaa suti isiyomkaa, anaongea kwa sauti, amejaa furaha. Na Finn anatamani ardhi ipasuke.

Sikuweza kuendelea kutazama.

"Yule mzee wa juzi ni mjomba wangu," nikawaambia. "Ndiye aliyenilea." Mmoja akaisimamisha filamu. Nikatoka nje, nikapiga simu kwa jirani yake Pangani, nikangoja aitwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Ng'onda mmewaanika?"

Kapu lilikuwa chini ya kitanda changu, limefunikwa kwa shuka.

"Bado," nikasema. "Kesho asubuhi nawaanika."