Jogoo wa gulio na mafua yaliyogoma kutoka bandani

Kuku mwenye afya hulala kimya. Nilikuwa nimefuga kwa miaka kadhaa bila kulitambua jambo hilo, hadi usiku mmoja wa masika nilipochuchumaa nje ya banda langu hapa Morogoro, taa nimeizima, nikisikiliza mlio ambao mwanzoni niliudhania kuwa wa chura. Ulikuwa mkoromo wa chini wenye majimaji, kama wa mtoto aliyelala na kamasi, na mara kwa mara ulikatizwa na chafya fupi. Niliusikia ukitoka katika pembe tatu za banda. Kulipopambazuka, katika kuku wangu 38 wa kienyeji, 7 walikuwa na nyuso zilizovimba, na mmoja jicho lake la kushoto lilikuwa limefumbwa na uvimbe kiasi kwamba alikuwa akikosea punje za mahindi kila alipodonoa.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimenunua jogoo gulioni. Alikuwa mzito, upanga wake mwekundu, macho makavu, miguu haina magamba yaliyoinuka. Kila nilichofundishwa kukitazama nilikitazama. Nilipofika nyumbani nilimfungua kamba nikamwachia uani jioni ileile, akapanda kichanja kimoja na wenyeji wake. Aliyeniuzia sina sababu ya kumlaumu, kwa kuwa jogoo mwenyewe hakuwahi kupiga chafya hata moja, si siku ile wala baadaye, na hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa huu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuielewa.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyefuga tangu ujana wake, alisimama kwenye uzio akatazama, kisha akatoa hukumu. "Mwanangu, hicho ni kideri. Chinja upesi, usije ukazika." Sikumpuuza, maana kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, huanza pia kwa kukoroma na kutweta, na huku kwetu ndicho kinachomaliza banda zima ndani ya wiki moja. Hata hivyo kideri huja na mambo yake: kuku huharisha kijani, mabawa hulegea, shingo hupinda hadi kichwa kikatazama mgongoni, na vifo hufuatana bila kupumzika. Wangu walikuwa wamevimba uso, wanatoka kamasi, wamepunguza kula, lakini hakuna aliyekufa. Isitoshe walikuwa wamechanjwa kideri kwa tone la jicho miezi miwili kabla, kwa ile chanjo ya I-2 iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu ya kutosha, kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo nyingi.

Afisa mifugo wa kata alipofika hakuanza na maneno. Alimkamata mtetea mmoja, akambana kwapani, akaminya taratibu juu ya tundu za pua, na ute mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda ukachomoza. "Nusa," akaniambia. Nilinusa, nikarudi nyuma. Ni harufu ya kitu kilichooza, na baada ya kuinusa mara moja huwezi kuichanganya na nyingine. Kisha akaufungua mdomo wa kuku yule akauelekeza kwenye mwanga wa jua, akatafuta utando wa manjano kooni, kwa kuwa ndui ya kuku nayo ina namna yake ya kushuka kooni ikaziba njia ya hewa hata kama usoni hakuna vidonda vingi. Hakuuona. Alisema haya ni mafua ya kuku, ugonjwa wa bakteria, unaojitokeza siku moja hadi tatu tu baada ya kuku mzima kukutana na mgonjwa, na unaopita zaidi kwenye maji ya kunywa yanayotumiwa na wote. Alichukua pia ute kwa usufi ili aupeleke maabara, akisema kwamba jicho na pua vinatosha kuanzia kazi ila havitoshi kuapia.

Jina hili la mafua limewasumbua wengi. Mafua ya kuku si homa ya mafua makali ya ndege, ile ambayo aina yake ya H5N1 iliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika huko Nigeria mwezi Februari 2006 na kuwafanya watu hata wa mbali waogope kula kuku, na ambayo mwaka 2017, kwa aina nyingine, ilifika Uganda kandokando ya Ziwa Victoria. Hiyo ni ya virusi, huua kwa ghafla, na baadhi ya aina zake humpata binadamu. Mtu akiona kuku wengi wamelala chini kwa mpigo bila dalili za siku nyingi, asishike wala asichune, aite mtaalamu. Mafua yangu yalikuwa ya kuku kwa kuku. Lakini nilipomwambia shemeji kwa simu kwamba kuku wangu wana mafua, wiki hiyo nzima hakuja kututembelea.

Tiba ilikuwa ya siku tano, oksitetrasaiklini ya unga ndani ya maji. Kwa maelezo ni jambo jepesi. Uani, wakati wa masika, ni mapambano. Kuku wa kienyeji hana shida na chombo chako cha maji ya dawa kama nyuma ya jiko kuna dimbwi. Siku ya kwanza chombo kilibaki kimejaa hadi jioni, nami nikadhani wamekataa kwa uchungu, kumbe walikuwa wamekunywa mvua. Kuanzia siku ya pili niliwafungia wote, nikafukia madimbwi kwa kokoto, na wale waliovimba zaidi nikawanywesha mmoja mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache pembeni mwa mdomo, kwa sababu kuku asiyeona vizuri hanywi vya kutosha. Afisa aliniondolea pia maganda ya mayai na chokaa niliyokuwa nikichanganya kwenye chakula, kwani kalisi huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Mayai ya siku hizo na ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hatukula wala kuuza, na nilikiri moyoni kwamba zamani sikuwa mwaminifu hivyo.

Kuna kawaida nyingine ambayo ningependa iachwe: kufungua vidonge vya rangi mbili vya binadamu na kuvimwaga kwenye maji ya kuku kwa kukadiria. Ukiacha suala la kipimo, si kila mkoromo hutibiwa na dawa ileile. Mafua sugu yanayosababishwa na bakteria aitwaye maikoplazma, kwa mfano, hayasikii kabisa dawa za jamii ya penisilini, maana dawa hizo hushambulia ukuta wa bakteria na maikoplazma hana ukuta huo. Shubiri mwitu na kitunguu saumu niliviweka majini miaka iliyopita kama kila mtu. Sikuona vikiondoa mafua, ingawa nakubali kwamba vilinifanya nibadilishe maji kila asubuhi, na huenda hilo ndilo lililosaidia.

Kazi ya mikono ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kila jioni niliwaosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, pamba moja kwa kuku mmoja, kisha pamba motoni. Yule mwenye jicho lililofumba alikuwa kishingo wangu, kuku jike asiye na manyoya shingoni, aliyewahi kuatamia mayai 14 akatotoa 13. Siku ya tatu kope zake ziliachia, na ndani yake nikatoa kipande kigumu cha manjano, kikubwa kama punje ya dengu, ambacho kilikuwa usaha uliokauka. Jicho lilikuwa zima chini yake. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo ilinigharimu baadaye.

Jambo jingine nililolirekebisha wakati huohuo ni hewa. Tulikuwa tumeziba madirisha ya banda kwa viroba ili baridi isiingie, na kwa kimo cha mtu mzima banda halikuwa na harufu yoyote. Nilipopiga magoti hadi kimo cha kuku, macho yalinitoka machozi. Maranda yalikuwa yameloa, kinyesi kinatoa amonia, na amonia huunguza vinyweleo vidogo vya koo la hewa ambavyo ndivyo vinavyofagia uchafu nje. Bakteria hukuta mlango umeshafunguliwa. Nilitoa maranda yote, nikaviondoa viroba vya juu nikaacha vya chini, hewa ikapita juu ya vichwa vyao bila kuwapuliza.

Watatu walikufa, nikawafukia kwenye shimo refu lenye chokaa. Waliobaki walipona, na afisa mifugo akanipa ushauri ambao sikuutaka: wote 36, yaani 35 waliobaki katika wale 38 na yule jogoo, hata wale ambao hawakuugua kabisa, niwahesabu kuwa wabebaji. Kuku akishapona mafua haya, uso hunywea na mayai hurudi, ila bakteria anaweza kubaki puani mwake muda mrefu akisubiri mgeni au siku ya baridi. Ama nisiingize kuku mpya kamwe, ama niwamalize kidogokidogo kwa kitoweo baada ya siku za dawa kuisha, nipumzishe banda, nianze upya na vifaranga. Nilichagua njia ya tatu ambayo haikuwepo: niliwamaliza wote isipokuwa kishingo.

Miezi mitatu baadaye dada yangu aliniletea matetea 6 wazuri. Siku ya tatu wawili walipiga chafya. Siku ya tano nilikuwa tena uani na pamba na maji ya chumvi, na kishingo, mzima kabisa, alikuwa akikwangua udongo pembeni yangu akiwatafutia wadudu. Sikuhitaji maabara mara hii. Alichinjwa Jumapili iliyofuata, na sikula.

Banda lilikaa tupu wiki nne. Bakteria huyu hudumu siku chache tu nje ya mwili wa kuku, kwa hiyo jua, klorini na subira vinamtosha. Anayemhifadhi ni kuku mwenyewe. Sasa kuku yeyote anayeingia kwangu hukaa kizimba cha upande wa pili wa nyumba kwa siku 30, chombo chake cha maji peke yake, naye huhudumiwa wa mwisho ili viatu vyangu visirudi kwa wengine. Katika wiki ya mwisho humwekea mwenzake mmoja mchanga kutoka bandani kwangu, na huyo ndiye shahidi: akikaa salama wiki nzima, mgeni huenda hana kitu, akivimba, nimepoteza wawili badala ya wote.

Uzio ndio udhaifu uliobaki, maana jogoo wa jirani hauheshimu. Tumekubaliana nyumba tano kuchanja kideri siku moja kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya mafua ni ya sindano, inarudiwa, na inabidi iwe na aina ya bakteria iliyopo eneo husika, kwani aina A haimkingi kuku dhidi ya C. Na chupa moja hutengenezwa itoshe mamia ya kuku, ilhali sisi wote watano hatufikishi 150. Mama wa jirani amesema tumwulize mwenye mashine ya kutotolea kule barabarani kama atakubali kuchangia. Nitamwona Jumamosi, jioni, kabla sijaingia bandani kwangu na nikiwa na viatu vingine.