Dogwudi Wangu wa Pili

Mti wa dogwudi ulioko mbele ya nyumba yetu hapa Richmond, jimboni Virginia, ni wa pili. Wa kwanza niliuua mwenyewe, tena kwa bidii. Nilikulia Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako mtoto hujifunza mapema kwamba mgomba huchimbiwa shimo refu na kutiliwa samadi, nami nikachimba shimo la namna hiyo katikati ya uwanja wenye jua la kutwa, nikauzamisha mche, kisha nikashindilia udongo kwa miguu. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa huku hushika maji kama chungu, na mizizi ya dogwudi, ambayo kwa kawaida hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikakosa hewa. Kufikia Agosti majani yalikuwa yamekauka pembezoni kana kwamba yamebabuliwa na moto.

Kosa hilo liliniudhi zaidi kwa kuwa mtu wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, alitakiwa kulielewa. Katika misitu ya mashariki mwa Marekani, mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Cornus florida, huishi chini ya mialoni mirefu au pembezoni mwa msitu, kama kahawa inavyoishi chini ya migomba na miruka, miti mirefu ya kivuli, kwetu. Hupenda jua la asubuhi, kivuli cha mchana, na udongo wenye asidi kidogo uliochanganyika na majani yaliyooza. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ndugu yake, Cornus volkensii, huota katika misitu ya Kilimanjaro, juu ya vijiji tulikolelewa.

Mche wa pili niliupanda Novemba, upande wa mashariki wa nyumba. Safari hii shimo lilikuwa pana mara tatu ya bonge la mizizi lakini halikulizidi kina, na sehemu ya juu ya bonge hilo niliiacha ichomoze kidogo juu ya ardhi. Nikatandaza magome ya msonobari yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hivi, nikiacha nafasi tupu kuzunguka shina, kwa maana matandazo yanayogusa gome huliozesha. Faida nyingine ya matandazo, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kuiweka mbali mashine ya kukatia nyasi. Gome la dogwudi changa ni jembamba mno, na jeraha dogo tu hutosha kumvutia nondo ambaye viwavi wake hupekecha chini ya gome hadi tawi zima likafa.

Wakati wa kiangazi huumwagilia mara moja kwa wiki, polepole na kwa muda mrefu, na maji huyaelekeza shinani asubuhi bila kuyalowesha majani. Sababu ni ukungu. Mbali na ule mweupe unaofanana na unga, upo ugonjwa wa kuvu uitwao antraknosi, ulioonekana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuangamiza dogwudi wengi wa msituni, hasa penye baridi na unyevu.

Kuhusu maua yenyewe, ambayo Virginia iliyafanya ua la jimbo mwaka 1918 kabla ya kuuteua mti wenyewe mwaka 1956, macho hudanganyika. Yale manne meupe tunayodhani ni petali ni majani yaliyogeuka, na kila moja lina kibonyeo nchani, kama lililofinywa kwa ukucha. Maua ya kweli ni vile vichwa vidogo vya kijani-manjano vilivyosongamana katikati, ambavyo mpita njia hata havitazami. Tumba la ua hufungwa tangu majira ya joto na kukaa tawini kipupwe kizima, likiwa la kijivu na umbo la kitunguu kidogo, na ndiyo maana anayepogoa Januari huyakata maua ya Aprili kwa mkono wake. Mimi husubiri maua yaishe, nikaondoa matawi makavu na yanayosuguana, basi.

Mwaka wa kwanza haukufunga tumba hata moja, na wa pili pia. Jana, kwenye baridi ya kukata masikio, nimeuzunguka mara mbili nikihesabu kwa kidole: kumi na moja, na moja kati ya hayo liko chini kabisa, mahali ambapo sungura wa jirani anaweza kulifikia.